Skrubu Zilizokwama Katika Breki za Pikipiki

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kunena habari za jambo dogo liwatesalo wengi wenye pikipiki, yaani skrubu ikataayo kutoka. Honda walitoa pikipiki yao ya CB750 mwaka 1969, yenye breki ya diski kwenye gurudumu la mbele, na tangu hapo breki za namna hiyo zimeenea duniani. Mafuta yake hunyonya maji ya hewani, kwa hiyo hapana budi yabadilishwe kila baada ya muda. Na ili kuyabadili ni lazima kufungua kifuniko cha kile kikopo kilichopo usukanini.

Kifuniko hicho mara nyingi hushikwa na skrubu mbili ndogo za chuma zilizoingia ndani ya alumini. Maji yakipenya baina yao, hasa maji yenye chumvi, alumini huliwa, na ule unga mweupe utokao huibana skrubu kana kwamba imeungwa kwa moto.

Basi mtu hutwaa bisibisi ya msalaba, hukaza mkono, na mara kichwa cha skrubu huvurugika. Wengi husema ni upungufu wa nguvu. Sisi twasema mara nyingi ni bisibisi isiyo yake. Msalaba wa Phillips na msalaba wa Kijapani hufanana machoni, lakini si mmoja. Bisibisi ya Phillips haiketi vema katika skrubu ya Kijapani, nayo huruka nje ikikwangua chuma. Skrubu nyingi za Kijapani zina nukta ndogo kichwani. Mwenye kuiona na atafute bisibisi ipasayo.

Kwanza msalaba usafishwe kwa sindano hata chini. Kisha bisibisi isimamishwe wima, ipigwe nyundo mara mbili tatu, si kwa hasira, ili ule unga upasuke. Ijaribiwe kukazwa kidogo kabla ya kulegezwa. Mafuta ya kupenya kutu yatiwe kwa tone tu, yaachwe usiku kucha. Lakini yasiingie kikoponi hata kidogo, maana mafuta ya madini huvimbisha mipira ya breki, na breki iliyovimba mipira huweza kumwua mtu. Kwa sababu hiyo hiyo yasiguse diski wala pedi.

Ikiwa kichwa kimekwisha haribika, twapendelea kekee kuliko patasi. Mafuta ya breki yanyonywe, mpira wa ndani uachwe mahali pake uzuie chembe, kisha kichwa kitobolewe mpaka kitoke. Kifuniko kitainuka, na kipande kilichobaki hushikwa kwa koleo na kuzungushwa polepole. Baadaye kikopo kisafishwe kabisa.

Moto nao husaidia, kwa kuwa alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Lakini maji ya moto juu ya kitambaa yatosha. Mwali wa moto karibu na mafuta ya breki ni hatari. Tena kuna dawa za kusafishia breki zenye klorini: zikipashwa moto sana hutoa fosjini, hewa ya sumu. Mahali palipopulizwa dawa hiyo pasiletwe moto kamwe.

Pini ya pedi ni rahisi kuliko watu wadhanivyo: ilegezwe wakati kalipa ingali imefungwa kwenye uma wa mbele, kwani hapo ina kitu cha kuishikilia. Ile chuchu ya kutolea hewa ina tundu katikati, hukatika upesi. Spana yake iwe ya pembe sita.

Skrubu mpya zikazwe kwa kiasi, na mafuta yaliyomwagika juu ya rangi yaoshwe kwa maji mara moja. Mwisho, mkono wa breki ubanwe kwa nguvu: ukizama mpaka usukani, hewa ingalimo, na pikipiki isiondoke.