Tairi la gari ya kuvuta tela: usinunue kwa macho, nunua kwa namba

Leo tuongee kuhusu matairi. Hii ni kwa wale wenye pickup au Land Cruiser ya 4WD ambayo haikununuliwa kwa ajili ya starehe: inabeba mzigo mgongoni na inavuta tela nyuma.

Mimi nina duka hapa Kanazi. Nauza unga, sukari, saruji, misumari na vitu vidogovidogo. Gari hiyohiyo inayoleta mzigo wa duka kutoka Bukoba mjini ndiyo inayopeleka ndizi na maharage ya watu mjini au Kemondo. Mimi si fundi wala mhandisi, nimeishia kidato cha nne. Haya nimejifunza kwa kusoma maandishi ya kwenye tairi lenyewe, kuuliza mafundi, na kuandika kwenye daftari kila shilingi inayotoka.

Kwanini tuongee matairi kwenye ukurasa wa biashara? Kwa sababu seti moja ya matairi inaweza kula faida ya miezi mingi ya duka dogo. Na kwa sababu juu ya ule mzigo mara nyingi amekaa kijana wa kupakia, ambaye mama yake unamfahamu. Twende hatua kwa hatua.

1. JUA UZITO UNAOANGUKIA NYUMA

Wengi tunadhani tela inabeba uzito wake yenyewe. Si kweli. Tela ikipakiwa vizuri, karibu asilimia 10 ya uzito wake wote inalalia kwenye ndoano ya gari. Tela ya kilo 1,500 pamoja na mzigo inakandamiza ndoano kwa kama kilo 150.

Sasa ndoano iko nyuma ya ekseli, kwa hiyo inafanya kazi kama mtaimbo. Tuseme ndoano iko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna mita 3. Zile kilo 150 zinakuwa kilo 210 kwenye ekseli ya nyuma, na mbele panapungua kilo 60. Ndiyo maana ukifunga tela nzito usukani unakuwa mwepesi mkononi.

Piga hesabu ya mfano. Gari tupu nyuma ina kilo 850. Umepakia magunia ya kilo 600. Abiria wameongeza kilo 100. Tela imeongeza 210. Jumla kilo 1,760 kwenye matairi mawili tu. Shika hiyo namba, tunaihitaji sasa hivi.

2. SOMA UBAVU WA TAIRI

Chukua tairi lililoandikwa 265/70R16 112S. Hiyo 265 ni upana kwa milimita. 70 ni urefu wa ubavu, yaani asilimia 70 ya ule upana. R ni radio, jinsi nyuzi zilivyopangwa ndani. 16 ni ukubwa wa rimu kwa inchi.

Wengi wanaishia hapo. Mfanyabiashara asiishie hapo, maana pesa yake iko kwenye 112S. Herufi S ni mwendo wa mwisho, kilomita 180 kwa saa, hiyo haituhusu sana. 112 ndiyo namba ya mzigo. Siyo kilo 112, ni namba ya kwenye jedwali:

98 = kilo 750
104 = kilo 900
110 = kilo 1,060
112 = kilo 1,120
115 = kilo 1,215
121 = kilo 1,450

Rudi kwenye kilo zetu 1,760. Matairi mawili ya 98 yanabeba kilo 1,500. Umeshazidisha kabla hujaliona shimo la kwanza. Matairi mawili ya 112 yanabeba 2,240, hapo unapumua. Na yote mawili yanaweza kuonekana sawasawa dukani, meusi, yanang'aa, kashata nzito. Tofauti iko kwenye namba ndogo ambayo muuzaji hakuoneshi.

Ukiona herufi LT mwanzoni au mwishoni mwa saizi, hilo limetengenezwa kwa ajili ya gari ndogo za mizigo. Mara nyingi lina namba mbili, mfano 121/118. Ya kwanza ni tairi likiwa peke yake upande mmoja, ya pili ni yakiwa mawili mawili kama ya nyuma ya Canter. Utaona pia 6PR, 8PR au 10PR, au herufi C, D, E zinazolingana nazo. Hicho ni kipimo cha uimara. Siku hizi haimaanishi ndani kuna nyuzi kumi kweli.

Angalizo: tairi kali haliongezi nguvu ya ekseli, springi wala breki. Kama gari yako imeandikiwa kubeba tani moja, ukifunga 10PR bado ni gari ya tani moja.

3. KASHATA KULINGANA NA BARABARA YAKO

Kuna aina tatu kuu, na zimeandikwa ubavuni.

H/T ni ya lami. Kashata zake zimebanana, halina kelele, linakula mafuta kidogo. Ukiingia kwenye tope la shambani, linajaa udongo na kugeuka kama kandambili iliyopakwa sabuni.

M/T ni ya tope. Kashata kubwa zimeachana. Linapendeza, vijana wanalipenda. Lakini kwenye lami linapiga kelele, linaisha haraka, ni zito, na kwenye lami yenye maji halishiki vizuri. Ukiwa na tela inakusukuma kutoka nyuma, hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote.

A/T ni ya katikati.

Huku kwetu mvua si mgeni. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Ukitoka kwenye lami ya Bukoba–Muleba ukakata kuingia vijijini kufuata mikungu, unakutana na udongo mwekundu unaoteleza. Lakini ukipiga hesabu kwa uaminifu, kilomita nyingi za wiki ni za lami na changarawe, siyo tope. Kwa gari ya namna hiyo, A/T ndiyo thamani ya pesa. Anayeshinda shambani kila siku achukue M/T. Anayetoka mjini kwenda mjini, H/T yenye namba kubwa ya mzigo inamtosha.

4. UMRI WA TAIRI

Tafuta neno DOT. Mwisho wa mstari huo, upande mmoja wa tairi, kuna tarakimu nne. 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira unazeeka hata ukiwa umetundikwa stoo. Likivuka miaka sita, fundi alikague kila mwaka. Likifika miaka kumi, litoe hata kama kashata ni nzima.

Masika iliyopita jirani yangu anayesomba ndizi alipasukiwa tairi la nyuma akiteremka kutoka Kamachumu. Tela ikavuta gari pembeni, mikungu ikamwagika barabarani. Kijana aliyekuwa juu aliruka, akavunjika mkono tu. Nasema "tu" kwa sababu tuliiona ile korongo. Waitu, ilikuwa siku ndefu. Tulipoligeuza lile tairi, kashata zilikuwa nzito, hata mimi ningelisifia. Namba ilisomeka 4011. Mwaka 2011! Alilinunua mtumba, kapakwa dawa nyeusi likang'aa.

Kwa hiyo mtumba usinunue bila kusoma tarehe. Pitisha mkono ndani, utafute viraka na waya zilizochomoza. Angalia ubavu: nyufa ndogondogo, nundu, mkato. Likiwa na nundu, nyuzi za ndani zimeshakatika, hakuna kuziba. Halafu tafuta herufi TWI. Kwenye mifereji ya hapo kuna kijituta kidogo chenye kimo cha milimita 1.6. Kashata zikishuka usawa wa hicho kijituta, tairi limekwisha. Kwa kuvuta tela kwenye mvua, mimi siyasubiri yafike huko.

5. BEI KWA KILOMITA, SIYO BEI KWA TAIRI

Hapa ndipo biashara ilipo. Zamani tulikuwa na kiwanda cha General Tyre pale Arusha, wazee wanakumbuka. Kilishafungwa. Siku hizi matairi yanakuja kutoka China, Japani, Thailand, India na kwingine, na bei zinapishana sana. Usikimbilie rahisi, usikimbilie jina. Gawanya bei kwa kilomita unazotegemea. Bei hizi ni za mfano, wewe weka za kwako:

Mtumba: sh 130,000, linatembea km 10,000 = sh 13 kwa kilomita
Jipya la bei ya chini: sh 280,000, km 25,000 = sh 11.20
Jipya imara: sh 450,000, km 50,000 = sh 9

Lililoonekana rahisi ndilo ghali. Na hapo hatujaweka pancha, siku gari imelala, na ndizi zilizoiva njiani.

Zidisha mara nne. Matairi imara yanakula sh 36 kwa kila kilomita. Safari ya kilomita 50 kwenda na kurudi ni sh 1,800. Hiyo sh 1,800 ni gharama halali kama mafuta. Wengi wetu tukipanga nauli ya mzigo tunahesabu mafuta na kijana wa kupakia, matairi tunayasahau, halafu siku yakiisha tunachomoa mtaji wa duka. Weka sh 1,800 kwenye kopo kila safari. Safari 1,000 ni kilomita 50,000, na kopo lina sh 1,800,000, bei kamili ya matairi mengine manne. Hujamkopa mtu.

6. HELA HAITOSHI MANNE? NUNUA MAWILI YA KWELI

Januari shule zikifunguliwa mtaji wote unatakiwa dukani, najua. Bora mawili imara kuliko manne ya kubahatisha. Mapya yafunge nyuma, ndiko mzigo na tela vilipo, na nyuma ikiteleza ni ngumu kuirudisha kuliko mbele.

Ila kwenye 4WD yote manne lazima yawe saizi moja. Yakipishana kipenyo, ukiweka 4WD mbele na nyuma vinazunguka kwa mwendo tofauti, na ugomvi huo unaishia kwenye gia za ndani. Kama gari yako inavuta matairi yote muda wote, badilisha manne kwa pamoja. Kama unaiweka mwenyewe kwa mkono, iweke kwenye tope tu, kwenye lami kavu itoe.

Usipandishe saizi ili gari ionekane ndefu. Kutoka 265/70R16 kwenda 265/75R16 kipenyo kinaongezeka kama asilimia 3. Injini inakuwa kama imepandishwa gia, inahema mlimani na tela nyuma, na spidi ya kwenye dashibodi inasoma pungufu.

7. UPEPO

Namba ya mzigo ni ahadi yenye sharti, na sharti ni upepo. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja kila mzunguko, linapata joto, na joto ndilo linalopasua. Fungua mlango wa dereva, kuna kibandiko chenye upepo wa gari tupu na wa gari yenye mzigo. Fuata hicho. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni ni kikomo cha tairi, siyo maelekezo ya kila siku.

Pima asubuhi matairi yakiwa ya baridi. Ukipima njiani yakiwa ya moto utaona namba imepanda. Usitoe upepo, yakipoa yatakuwa pungufu. Geji ya kupimia ni bei ndogo kuliko kuziba pancha chache.

8. TELA NAYO INA MATAIRI

Watu wanachukua yaliyochoka kwenye gari wanayahamishia kwenye tela. Wakati tela yenye kilo 1,500 inabeba karibu kilo 1,350 kwenye matairi yake mawili, yaani kilo 675 kila moja, na haina springi laini kama za gari. Yapime kwa sheria zilezile: namba ya mzigo, tarehe, upepo. Usichanganye radio na yasiyo radio kwenye ekseli moja. Na tembea na spea ya tela pia, maana ya gari inaweza isiingie.

UKIFIKA DUKANI, ULIZA HIVI

"Bosi, naomba lenye namba ya mzigo 112 kwenda juu, A/T, saizi hii hapa. Nioneshe tarehe." Kisha liguse mwenyewe na usome mwenyewe. Muuzaji mwaminifu hatachukia. Akisema tarehe haina maana, mshukuru, aga vizuri, nenda duka la pili. Risiti chukua, na andika kwenye daftari kilomita za siku uliyofunga, ili safari ijayo usihitaji mifano yangu, uwe na hesabu yako.