Marekani: alifungwa juu ya video ao juu ya majina ya uongo?

Mwezi wa tisa mwaka 2012, picha moja ilizunguka dunia: mwanaume amefunika uso, amezungukwa na polisi, anatolewa nyumbani kwake usiku katika mji wa Cerritos, jimbo la California. Wengi walioiona walisema: tazama, Marekani nayo inafunga mtu juu ya maneno yake. Wengine wakasema: walichelewa, angefungwa zamani. Lakini pande zote mbili zilisahau jambo moja. Mtu huyo alikuwa tayari chini ya masharti ya tribinali mbele hata video yake haijajulikana.

Alikuwa nani?

Jina lake ni Nakoula Basseley Nakoula, Mkristo wa kanisa la Kikopti, mwenyi asili ya Misri. Mwaka 2010 alihukumiwa juu ya kudanganya mabanki: alitumikisha majina na namba za vitambulisho za watu wengine. Alipewa miezi 21 ya gereza, kurudisha zaidi ya dola 790 000, na miaka 5 ya kuangaliwa na agenti wa tribinali kisha kutoka gerezani.

Kuangaliwa huko kulikuwa na masharti. Asitumikishe jina lingine bila ruhusa. Asiguse kompyuta wala intaneti bila agenti wake kukubali. Na agenti akimuuliza kitu, aseme kweli. Yaani alikuwa inje ya gereza, lakini mlango ulikuwa haujafungwa nyuma yake.

Video ilifanya nini?

Mwezi wa saba 2012, kipande cha dakika karibu 14 cha filme «Innocence of Muslims» kiliwekwa kwenye YouTube. Kilimtukana Mtume Muhammad. Mwanzo hakuna aliyekijali. Kilipowekwa katika Kiarabu, mambo yakabadilika. Tarehe 11 mwezi wa tisa waandamanaji walivamia ubalozi wa Marekani huko Cairo, kisha hasira ikaenea inchi nyingi na watu makumi wakakufa. Usiku uleule, Benghazi, inchini Libya, watu wenye silaha waliua balozi wa Marekani, Christopher Stevens, na Wamarekani wengine 3. Kama video ilikuwa na sehemu katika shambulio hilo, Washington walibishana miaka mingi.

Mbona hakushitakiwa juu ya video?

Juu sheria ya Marekani haikuruhusu. Katiba yao inalinda hata maneno ya kuchukiza. Mwaka 1969, katika kesi Brandenburg dhidi ya Ohio, tribinali kuu ilisema maneno ya kuchochea yanaazibiwa tu kama mtu anakusudia watu wavunje sheria palepale, na kama kweli inaonekana watafanya vile. Mtu anayesimama mbele ya kundi lenye mawe na kuwaambia «choma nyumba ile sasa hivi» anaweza kushikwa. Anayetukana dini kwenye video hawezi, hata kama matusi yake yanaumiza.

Ni hayo Rais Obama alieleza mbele ya Umoja wa Mataifa tarehe 25 mwezi wa tisa: aliilaani video, lakini akaeleza sababu gani serikali yake haiikatazi. Wakubwa wa Washington waliomba YouTube iangalie tena kama video inafuata kanuni zake. Google, mwenyi YouTube, iliifunga Misri na Libya, lakini ikakataa kuiondoa kabisa.

Basi alifungwa juu ya nini?

Agenti walipoanza kuuliza nani alitengeneza filme, walikuta majina mengi. Kwa waandishi wa habari alijiita Sam Bacile. Alikuwa pia na permi ya kuendesha motokari aliyoipata kwa uongo. Alishikwa tarehe 27 mwezi wa tisa na kushitakiwa kuvunja masharti mara 8. Tarehe 7 mwezi wa kumi na moja, mbele ya juji Christina Snyder, alikubali makosa 4, yote juu ya majina ya uongo. Yale mengine 4 yakaachwa. Azabu: mwaka mmoja gerezani, kisha miaka 4 ya kuangaliwa tena.

Mushitaki alisema uongo huo uliumiza watu kweli. Wachezaji wa filme waliambiwa kama wanacheza hadithi ya zamani ya jangwani. Kisha sauti zao zikabadilishwa bila wao kujua. Wangemjua mtu huyo na historia yake, pengine wasingekubali kazi.

Shaka inayobaki

Hata hivyo, swali moja halikufa. Kama video isingeleta moto, nani angeenda kubisha kwenye mlango wake kutafuta permi ya uongo? Wenye kutetea uhuru wa kusema waliogopa vile: masharti yanaweza kugeuka fimbo ya kupiga mtu ambaye sheria haiwezi kumpiga mbele.

Wakaaji wa Congo wanaweza kufuata swali hili vizuri. Kifungu cha 23 cha Katiba kinatoa uhuru wa kusema, lakini chini ya sheria, utulivu na adabu. Sheria ya mwaka 1966 inaazibu chuki ya rangi na kabila. Kwa hiyo video ya chuki inaweza kumfikisha mtu mbele ya juji kwa yaliyomo ndani yake. Na hapa pia mfungwa anaweza kutoka mbele ya wakati kwa masharti, ile inaitwa kwa Kifaransa libération conditionnelle. Akiyavunja, anaweza kurudishwa.

Hivyo, siku mtu ameshikwa kisha video yake kuzunguka kwenye WhatsApp, swali la kwanza si kama alisema vibaya. Ni hili: karatasi ya mashitaka inasema alifanya nini? Kama inasema alivunja masharti, masharti gani, na walimpa lini: mbele ya video, ao nyuma yake?