Pango Kubwa Usoni, Mlango Mbaya Kuliko Yote

Tuna jozi nne za sainasi, yaani mapango ya hewa, kwenye mifupa ya uso na kichwa, na mshindi kwa ukubwa ni ile ya shavuni, iliyomo ndani ya taya la juu. Kwa mtu mzima hubeba takriban mililita 15. Ndiyo pia hutangulia kuundwa, mtoto angali tumboni mwa mama.

Rekodi inayotesa watu, hata hivyo, ni ya mlango wake. Tundu la kutolea ute liko juu, karibu na jicho, kama fundi aliyeweka tundu la maji machafu ya bafu karibu na dari. Mtu akisimama au akiketi, ute hautoki wenyewe. Vijinywele vidogo mno vya utando huupandisha bila kupumzika. Ute ukizidi uzito na vijinywele vikalegea, usaha hutuama.

Chini ya sakafu ya pango hilo kuna mizizi ya magego. Gego la pili ndilo lililo karibu zaidi kwa kawaida, hasa mzizi wake wa mbele upande wa shavu. Kwa baadhi ya watu hakuna mfupa kati yake na sainasi, ni utando mwembamba tu. Jino likioza hadi kiini, bakteria hawana safari ndefu.

Kwa mgonjwa aliyeshtuka kupita wote, nampa ushindi mwanamke aliyeelezwa na tabibu Mwingereza Nathaniel Highmore katika kitabu chake cha 1651. Aling'olewa chonge, na pengo likaendelea kutoa majimaji. Akalichokonoa kwa sindano ya fedha, ikazama. Akaingiza unyoya, nao ukapotelea juu hata akadhani umefika ubongoni. Kumbe ulikuwa sainasini. Pango likapewa jina la Highmore, ingawa Leonardo da Vinci alikwisha kulichora mwaka 1489. Sioni haki hapo.

Dalili inayolishtaki jino kuliko nyingine ni uvundo: kamasi la usaha, upande mmoja wa pua tu. Gego lenyewe huenda lisiume hata kidogo, kwa kuwa kiini kimekwisha kufa, basi mgonjwa hamtaji daktari wa meno. Hupewa antibayotiki, hupata nafuu, huugua tena, mpaka jino litibiwe mzizi au ling'olewe.