Kompyuta na Utafutaji wa Kesi za Haki za Watu Wenye Ulemavu

Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi iitwayo School Board of Nassau County v. Arline. Asomaye jina hilo huona bodi ya shule upande mmoja na jina la ukoo upande wa pili, basi. Haoni kwamba mdai alikuwa mwalimu aliyeachishwa kazi kwa sababu ya kifua kikuu, wala kwamba mahakama ilikubali kuwa hata mwenye ugonjwa wa kuambukiza aweza kulindwa na sheria inayokataza ubaguzi dhidi ya wenye ulemavu.

Katika nchi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza, Tanzania na Kenya zikiwamo, hukumu ya mahakama ya juu huwa mwongozo kwa kesi zinazofuata. Mfanyakazi aliyefukuzwa kwa sababu ya maradhi yake huenda akashinda au akashindwa kwa kadiri wakili wake alivyoweza kupata hukumu zilizotangulia. Siku hizi wakili huyo hutafuta kwa kompyuta, na kompyuta haiwezi kutoa isichokuwa nacho.

Njia mojawapo ya kuhifadhi habari za namna hii ni grafu ya maarifa. Neno grafu hapa lisimkumbushe mwanafunzi mihimili ya x na y. Katika tawi la hisabati ambalo chanzo chake ni fumbo la madaraja ya Königsberg, lililotatuliwa na Leonhard Euler mwaka 1736, grafu ni vifundo vilivyounganishwa kwa nyuzi, mfano wa wavu wa mvuvi. Katika grafu ya maarifa kila kifundo husimama badala ya kitu: mtu, mji, sheria, kesi. Kila uzi una jina la uhusiano, na una mwelekeo. Hivyo habari zote huandikwa kwa sentensi fupi zenye sehemu tatu, ambazo mwanafunzi wa sarufi atazitambua: kiima, kitenzi na yambwa. Mahakama ya Juu – iliamua – kesi ya Arline. Kesi ya Arline – inafasiri – Sheria ya Utengamao ya 1973.

Grafu mashuhuri ya aina hii iliyo wazi kwa watu wote ni Wikidata, iliyoanzishwa mwaka 2012, ambayo ina vifundo zaidi ya milioni 100. Kila kifundo kina namba inayotanguliwa na herufi Q. Dunia, kwa mfano, ni Q2. Aina za nyuzi zina namba zinazotanguliwa na P: uzi P31 hueleza kitu ni cha jamii gani, na uzi P921 hueleza mada yake kuu. Kwa kuwa namba hazina lugha, Mswahili na Mjapani huuliza swali lile lile na kupata jibu lile lile.

Mashaka yanaanzia kwenye huo uzi wa mada. Kompyuta ikiulizwa kesi zote ambazo mada yake ni haki za watu wenye ulemavu, itazitoa zile tu ambazo mtu fulani alikwisha kuzifungia uzi huo. Nyingine zitabaki kimya, na muulizaji hatajua kwamba zimebaki.

Huenda msomaji akauliza kwa nini kompyuta isitafute maneno yenyewe ndani ya hukumu. Inaweza, lakini maneno hayakai mahali pamoja. Sheria ya Marekani ya 1973 ilitumia neno handicapped. Ile ya 1990, Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu, ilitumia disability. Kiswahili nacho kimetoka kwenye vilema, kikapita walemavu, kikafika watu wenye ulemavu. Kwa upande mwingine, neno moja hubeba maana mbili: katika sheria ya Uingereza ya 1980 inayoweka muda wa mwisho wa kufungua madai, mtoto mwenye afya kamili huhesabiwa kuwa yu chini ya disability, kwa sababu tu hajatimiza umri wa kushitaki mwenyewe. Tena sheria ya 1990 hufupishwa kwa herufi ADA, ambazo pia ni jina la lugha moja ya kuandikia programu za kompyuta. Kwa msomaji wa Kiswahili, ada ni ile inayodaiwa na mhasibu wa shule.

Kwa hiyo njia iliyo bora ni kufuata nyayo za sheria yenyewe. Majaji wa Marekani wanapotaja sheria huitaja kwa namba maalumu. Kifungu cha 504 cha sheria ya 1973 huandikwa 29 U.S.C. 794, na sheria ya 1990 huanzia 42 U.S.C. 12101. Umbo hilo la namba, herufi, kisha namba, ni rahisi kwa kompyuta kulitambua katika maelfu ya kurasa. Kwa njia hii itaipata kesi ya Arline. Itaipata PGA Tour v. Martin ya 2001, ambayo kwa jina lake ingewekwa katika michezo, maana ilihusu mcheza gofu mwenye maradhi ya mguu aliyeomba kupanda kigari uwanjani. Itaipata Tennessee v. Lane ya 2004, iliyotokana na jengo la mahakama lisilo na lifti, ambamo mtu wa kiti cha magurudumu alilazimika kutambaa ngazini. Kisha kompyuta hutazama ni hukumu gani zinazotajwa na hizo zilizopatikana, na wavu hupanuka.

Mavuno hayo hupimwa kwa vipimo viwili. Ikiwa, kwa mfano wa kubuni, kesi zinazohusika ni 200, kompyuta ikatoa 150, na kati ya hizo 120 ndizo za kweli, basi usahihi wake ni 120 kwa 150, yaani asilimia 80, na ukamilifu wake ni 120 kwa 200, yaani asilimia 60. Katika sheria, ukamilifu hustahili kupewa uzito zaidi. Kesi 30 zisizohusika hupoteza mchana mmoja wa wakili. Zile 80 zilizokosekana zaweza kumpotezea mdai haki yake.

Lakini kupata kesi si kujua kama bado inafuatwa. Mwaka 1999, katika Sutton v. United Air Lines, ndugu wawili waliotaka urubani walishindwa, kwa hoja kwamba macho yao yakirekebishwa na miwani hawana ulemavu. Mwaka 2008 Bunge la Marekani liliikataa kanuni hiyo: ulemavu upimwe bila kuhesabu dawa au vifaa vya kusaidia. Hata hivyo sheria hiyo hiyo iliacha nje miwani ya kawaida! Anayefunga uzi wenye jina "imetenguliwa" kati ya sheria ya 2008 na kesi ya Sutton amesema kweli nusu tu. Hapa kompyuta haina budi kumsubiri mtu aliyesoma kurasa zote mbili, na Wikidata humruhusu kuambatanisha na kila sentensi maelezo ya ziada, pamoja na rejea ya mahali alipoisoma.