Mhandisi wa Opel Katika Nyumba ya Volkswagen

Mnamo Januari 1948 Heinrich Nordhoff alishika hatamu za kiwanda cha Volkswagen huko Wolfsburg, ambacho wakati huo hakikuwa na mwenyewe. Kilijengwa zama za Hitler kwa ahadi ya kumpatia kila raia gari, ilhali raia waliokuwa wakibandika stempu za akiba juma baada ya juma hawakukabidhiwa hata moja, na vita vilipokwisha Meja Ivan Hirst, Mwingereza, ndiye aliyeihuisha kazi chini ya mapaa yaliyotobolewa na mabomu.

Nordhoff, mzaliwa wa Hildesheim, alijiunga na kampuni ya magari ya Opel mwaka 1929, na wakati wa vita akaongoza kiwanda chake cha malori huko Brandenburg. Cheo alichotunukiwa na serikali ya Nazi kilimponza baadaye, maana Wamarekani walimkataza madaraka katika eneo lao, naye akaishia kusimamia gereji Hamburg. Wenye kumsifu aghalabu hulipita haraka jambo hili. Lakini Brandenburg palikuwa na watu wa mataifa mengine waliofanyishwa kazi kwa kulazimishwa, na hilo halifutiki kwa mafanikio yaliyofuata.

Huko Wolfsburg alilala kiwandani juu ya kitanda cha kukunja. Wengi walitaraji angelibadili gari la Volkswagen, lile lenye mgongo wa kobe. Yeye akaliacha umbo lake kama lilivyo, akawaamuru wahandisi warekebishe kila kilichomo ndani yake, hata mwaka 1953 dirisha dogo la nyuma, lililogawanyika mapande mawili, likawa kioo kimoja. Kadhalika alishikilia kwamba gari lisiuzwe mahali pasipo fundi na vipuri. Injini ilikaa nyuma na kupozwa kwa hewa, hivyo hapakuwa na rejeta ya kuvuja wala maji ya kuchemka, sifa ambayo madereva wa Afrika Mashariki waliithibitisha katika mbio za magari za Safari, ambazo gari hilo lilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Tarehe 5 Agosti 1955 gari la milioni moja lilitoka kiwandani.

Uthabiti ule ule, kwa maoni yangu, uligeuka ukaidi. Washindani walipokuwa wakibuni miundo mipya, yeye aling'ang'ania ule wa zamani. Na alipoinunua kampuni ya magari ya Auto Union kutoka kwa Daimler-Benz, aliwakataza wahandisi wa kampuni hiyo kubuni gari jipya. Mmoja wao, Ludwig Kraus, akaendelea kwa siri, na siku Nordhoff alipoonyeshwa kazi hiyo, badala ya kughadhibika, akairidhia. Ndiyo iliyokuwa Audi 100, iliyozinduliwa mwishoni mwa 1968, miezi kadhaa baada ya Nordhoff kufariki tarehe 12 Aprili akiwa angali kazini. Mwaka 1972 kobe wake aliipita rekodi ya uzalishaji ya Ford Model T; miaka miwili baadaye Volkswagen ikaleta gari la Golf, yenye injini ya mbele inayopozwa kwa maji.