Supamaketi Ikija Arua, Lori Litaingilia Wapi?

Tangu mji wa Arua nchini Uganda upewe hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, hakosi mtu wa kusema kwamba kilichobaki sasa ni supamaketi kubwa, ile ya toroli na kiyoyozi. Wala hakosi wa kumjibu kwamba mji hauna nafasi: magari yaliyopo tayari yanagombania ukingo wa Avenue Road, hayo ya wateja wapya yatasimama wapi? Mazungumzo haya si ndoto tupu. Mwaka 2024 eneo la West Nile, ambamo Arua imo, liliunganishwa na gridi ya taifa baada ya miaka mingi ya umeme wa kubahatisha, na duka linalouza nyama na maziwa ya baridi haliwezi kuishi kwa jenereta. Sababu moja iliyokuwa ikiwazuia wenye mitaji imeondoka.

Wachuuzi wa soko kuu wana hofu yao ya kunyang'anywa wateja, nayo nawaachia wachumi. Kazi yangu ni barabara, na kwa upande wa barabara naona wanaotaka na wasiotaka wote wanabishania jambo la mwisho kabla ya la kwanza. Maegesho ya magari madogo ndilo tatizo jepesi kuliko yote ambayo duka la namna hii huleta katika mji kama Arua. Mazito ni lori, boda na lango.

Tuanze na hilo jepesi tulimalize. Hesabu ya maegesho haihitaji shahada: chukua idadi ya magari yanayoingia kwa saa, zidisha kwa muda ambao gari moja hukaa. Tuseme Jumamosi saa kumi na moja jioni, duka likiwa limejaa, yanaingia magari 60 kwa saa na kila moja linakaa nusu saa. Sitini mara nusu ni 30. Hayo ndiyo magari utakayoyakuta uwanjani ukipita wakati wowote wa saa hiyo. Uongeze nafasi chache, kwa sababu uwanja ukijaa kabisa madereva huanza kuzunguka wakitafuta pa kujipenyeza, na huko kuzunguka ndiko kunakozaa foleni; kanuni ya kawaida ni kwamba nafasi 15 katika kila 100 zibaki wazi. Tufanye 35. Gari moja, ukijumlisha njia ya kupitia na ya kugeuzia, hula karibu mita za mraba 25. Jumla ni mita za mraba 875, haifiki robo ya eka. Mwekezaji mwenye pesa ya kujenga supamaketi hatashindwa na robo ya eka.

Wasiwasi wangu uko kwenye ile 60. Mara nyingi namba kama hiyo haitoki Arua, inatoka kitabuni. Wahandisi wengi duniani hutumia mwongozo wa Institute of Transportation Engineers wa Marekani, unaokadiria kwamba supamaketi huzaa takriban safari 9 za gari, za kuingia na kutoka, kwa kila futi za mraba 1,000 katika saa ya jioni yenye shughuli nyingi. Duka la futi za mraba 16,000, yaani kama mita za mraba 1,500, litahesabiwa kuleta safari 144 kwa saa. Hesabu hiyo ni sahihi kule ilikopimwa, katika vitongoji ambako hata chupa ya maziwa hufuatwa kwa gari. Na hata huko, zaidi ya theluthi moja ya wateja ni watu waliokuwa wakipita njia hiyohiyo kurudi nyumbani, si magari mapya barabarani.

Viwango vya maegesho vina kasoro kubwa zaidi. Donald Shoup, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 2005, The High Cost of Free Parking, kwamba karibu nusu ya viwango vilivyochapishwa vilisimama juu ya uchunguzi usiozidi minne. Miji ikavigeuza sheria, ardhi ikamwagiwa lami, na lami hiyo ikakaa tupu siku nyingi za mwaka. London iliacha kulazimisha kiwango cha chini cha maegesho mwaka 2004. Mexico City na Buffalo zikafuata mwaka 2017. Itakuwa kichekesho Arua ikianza kukopa kanuni ambayo waliokuwa nayo wanaitupa.

Ipo hoja ya upande wa pili, nami naijua: watu hutaja Mlimani City ya Dar es Salaam, yenye uwanja mpana wa magari, na kuuliza kwa nini tusijenge vivyo hivyo. Mlimani City ilipata ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nje ya kitovu cha mji, kando ya barabara pana. Katikati ya Arua hakuna ardhi ya namna hiyo. Mji huu ulianza mwaka 1914 kama kituo cha serikali ya kikoloni. Weatherhead Park Lane bado inabeba jina la mkuu wa wilaya wa kwanza, na mitaa ya katikati ilichorwa kwa magari machache ya maofisa na maduka machache ya Wahindi. Fedha za Benki ya Dunia kupitia mpango wa miundombinu ya miji wa USMID, ulioanza mwaka 2013, zimeitia baadhi ya mitaa lami, mitaro, taa na njia za miguu. Hazikuweza kuipanua kupita kuta za majengo.

Isitoshe, ukingo wa barabara Arua haujawahi kuwa mahali patupu panaposubiri gari liegeshwe. Wenye umri wanawakumbuka vijana waliojiita OPEC Boys, waliouza petroli ya magendo kutoka Congo kwa madumu ya plastiki kwenye kona za mji. Walipopungua wao, walikuja wengine: wa vocha za simu, wa matunda, wa viatu vya mitumba, na juu ya wote, wa bodaboda. Mchoro wowote unaouonyesha ukingo huo kama mstari mweupe mtupu ni mchoro wa mji mwingine.

Sasa twende kwa boda, maana huyo ndiye anayewaleta wateja wengi. Boda hasimami kama gari. Anamshusha mteja, kisha ama anaondoka, ama anamsubiri, ama anasubiri mwingine atoke na mifuko. Tumia hesabu ileile: wateja 200 kwa saa wakija kwa boda, na kila safari ikimfanya boda akae mlangoni dakika 6 kwa wastani, utakuwa na pikipiki 20 pale wakati wote. Pikipiki moja inahitaji mita za mraba mbili tu. Kwa hiyo wateja 200 wanahudumiwa na eneo la mita za mraba 40, ambalo kwa magari lisingetosha hata mawili. Mpangaji anayetenga nafasi 35 za magari na kusahau pikipiki 20 ametenga karibu robo ya eka kwa wachache na kuwanyima wengi nafasi.

Ukiwanyima, hawatoweki. Watasimama langoni penyewe, kwa sababu mteja anatokea pale, na pikipiki 20 langoni zinafunga upande mmoja wa barabara. Askari atawafukuza asubuhi, mchana watakuwa wamerudi, na mji utasema tatizo ni nidhamu ya boda. Tatizo lilichorwa ofisini.

Lori ndilo linalosahaulika zaidi, pengine kwa sababu mteja halioni. Bidhaa nyingi za rafu zitatoka Kampala, kama kilomita 500, kupitia Karuma na Pakwach. Safari hiyo haina saa ya kufika inayoaminika. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa miezi kadhaa kwa matengenezo, malori yalizunguka njia za mbali na ratiba zote zikavurugika. Kwa hiyo lori litafika Arua saa yoyote, pengine saa mbili asubuhi, watoto wakienda shule na watu wakienda kazini. Trela la mita 17 likikuta ua wa nyuma wenye nafasi ya kugeuka, linaingia kwa mbele, linashusha, linatoka kwa mbele, na mtaani hakuna anayejua limekuja. Likikosa ua, litarudi nyuma kutoka barabarani, mpakiaji mmoja akipiga makofi kumwelekeza dereva na mwingine akizuia magari.

Hebu tuone gharama yake. Tuseme barabara hiyo ina magari 600 kwa saa upande mmoja, na lori limeifunga kwa dakika 5. Magari 50 yamekwisha kujipanga. Kila gari na nafasi yake ni mita 7, hivyo foleni ina mita 350, na katika mitaa mifupi ya katikati ya Arua hiyo ni zaidi ya makutano mamoja. Foleni imekwisha kuwaziba watu ambao hawana habari na supamaketi. Lori likishaingia, foleni haiishi papo hapo. Barabara ikiweza kupitisha magari 900 kwa saa na 600 yakaendelea kuja, inapunguza 300 tu kwa saa, yaani 5 kwa dakika. Magari 50 yatachukua dakika 10 kwisha. Dakika 5 za lori zimekuwa dakika 15 za mji, na hilo ni lori moja. Nafasi mia za maegesho zisingeokoa hata dakika moja ya hizo.

Supamaketi ikienda mji wa mpakani wa Koboko, hiyo ni habari nyingine, na ingekuwa kosa kuihukumu kwa hesabu za Arua. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92, ilipotiwa lami kwa fedha za Benki ya Dunia iliufanya mji kuwa mlango wa Sudan Kusini na pia jirani wa karibu wa Congo. Barabara hiyohiyo ya malori yanayokwenda Kaya, ng'ambo ya mpaka, ndiyo barabara ya mji. Mteja wa Koboko anaweza kuwa ametoka ng'ambo ya mpaka, na huyo haji kununua mkate na sabuni moja. Ananunua katoni, anabadilisha fedha, anapatana bei, anapanga mzigo. Atakaa saa mbili. Rudi kwenye hesabu: magari 20 tu kwa saa, kila moja likikaa saa mbili, yanahitaji nafasi 40. Koboko yenye magari machache inaweza kuhitaji maegesho mengi kuliko Arua, na ya magari makubwa zaidi.

Kisha kuna suala la upande. Uganda tunaendesha kushoto. Congo na Sudan Kusini wanaendesha kulia. Dereva aliyevuka Oraba nusu saa iliyopita, akiwa na usukani wa kushoto, anapokata kulia kuingia dukani huku akikabiliana na trela linalotoka Arua, ana kila sababu ya kukosea. Lango la supamaketi ya Koboko lisifunguliwe moja kwa moja kwenye barabara kuu. Liwe kwenye mtaa wa pembeni, na makutano ya mtaa huo na barabara kuu yatengenezwe kwa gharama ya mwekezaji. Barabara hiyo ni ya taifa, iliyokuwa chini ya mamlaka ya barabara za taifa, UNRA, kabla ya kazi zake kurudishwa Wizara ya Kazi na Uchukuzi, kwa hiyo lango si jambo la manispaa kuamua peke yake.

Nyenzo za kisheria zipo. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi (Physical Planning Act) ya mwaka 2010 iliifanya Uganda yote kuwa eneo la mipango na kuzipa kamati za mipango madaraka ya kutoa kibali cha uendelezaji au kukikataa, au kukitoa kwa masharti. Sharti la ua wa malori ni sharti halali. Sharti la saa za kushusha mizigo ni halali. Sharti la steji ya boda ndani ya kiwanja ni halali pia. Ila masharti hayo yafungwe kwenye jengo, si kwenye ahadi ya kampuni, maana kampuni za supamaketi hupita: Uchumi iliondoka Uganda mwaka 2015, Nakumatt mwaka 2017, Shoprite mwaka 2021 na maduka yake yakachukuliwa na Carrefour. Majengo na malango yao yalibaki palepale.

Nikiulizwa mimi, ningeiweka supamaketi ya Arua pembeni kidogo mwa kitovu, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka soko kuu, mahali penye mtaa wa nyuma kwa malori. Kuipeleka mbali, nje ya mji, ili tu ipate uwanja mpana, ni kumlazimisha kila mteja atafute usafiri ambao leo hauhitaji.

Mwekezaji akija, mkazi wa Arua au wa Koboko asingoje kulalamika redioni jengo likiwa limekwisha. Aende ofisi ya mpangaji wa mji kabla kamati haijakaa, aombe kuona mchoro, atafute lori linaingilia wapi na boda anasimama wapi. Akikuta nafasi 100 za magari, na hakuna ua wa malori wala steji ya boda, aiandikie kamati barua ya kupinga siku hiyohiyo.