Ndege iliyoishinda sauti, ikashindwa na bei

Wako wanaosema kwamba Concorde, ndege ya abiria iliyokwenda kasi kuliko sauti, iliuawa na ajali ya Paris ya Julai 25, 2000, ambapo watu 113 walipoteza maisha. Mimi naona sivyo. Maradhi yake yalianza zamani, hata kabla haijabeba abiria wa kwanza wa kulipa nauli.

Novemba 29, 1962, Uingereza na Ufaransa zilitia saini mkataba wa kuiunda ndege hiyo kwa pamoja. Mkataba haukuwa na kifungu cha kujitoa. Mwaka 1964 serikali mpya ya Uingereza ilipotaka kuuacha mradi, ilijikuta imefungwa mikono. Fedha zikaendelea kutoka, na fedha zenyewe zilikuwa kodi za wananchi.

Warusi nao hawakulala. Ndege yao, Tupolev Tu-144, iliruka Desemba 31, 1968. Concorde ikafuata huko Toulouse, Machi 2, 1969. Lakini Juni 3, 1973, Tu-144 moja ilianguka katika maonyesho ya ndege ya Paris, watu 14 wakafa. Ilianza kuchukua abiria kati ya Moscow na Alma-Ata Novemba 1977, na Juni 1978 ikaachishwa kazi hiyo. Mradi wa Wamarekani ulikuwa umekwisha kufa mwaka 1971, Bunge lao lilipoukatia fedha.

Je, tatizo lilikuwa nini? La kwanza ni kishindo. Ndege ikiipita sauti, mawimbi ya hewa hayawahi kuipisha. Hurundikana, yakafika ardhini kama mlio wa radi. Mwaka 1964, kwa miezi ipatayo sita, wakazi wa Oklahoma City walipigiwa vishindo hivyo kwa majaribio, na malalamiko yakamiminika. Mwaka 1973 Marekani ikapiga marufuku ndege za kiraia kuipita sauti juu ya nchi kavu yake. Basi Concorde ikabakiwa na bahari.

La pili ni gharama. Januari 1973 mashirika ya Pan American na TWA yaliacha mpango wa kuinunua, na kabla mwaka haujaisha bei ya mafuta ikapanda ghafla. Concorde ilichukua abiria 100 hivi. Boeing 747, iliyoruka mara ya kwanza majuma matatu tu kabla yake, ilichukua zaidi ya 350. Ndiyo, ilikwenda pole zaidi, lakini nauli yake iligawanywa kwa wengi.

Safari za biashara zilianza Januari 21, 1976: moja kutoka London hadi Bahrain, nyingine kutoka Paris hadi Rio de Janeiro kupitia Dakar. Baadaye London na New York zikawa mwendo wa saa tatu na nusu. Hata hivyo zilitengenezwa Concorde 20 tu, na 14 ndizo zilizoingia kazini, katika mashirika ya nchi mbili zilizoiunda. Mwaka 2003 zikastaafishwa.

Wahenga walisema mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Hapa mambo yaligeuka: waliolima ni mamilioni ya walipa kodi, waliokula ni abiria mia. Siwabezi mafundi, kazi yao ilikuwa ya ajabu. Ila serikali yoyote inapotuahidi mwendo, kwanza tuulize: nani atalipa, na nani atapanda?